Ribiti za Ilungamo

Jumanne asubuhi watu kumi na tisa walikufa kwenye zahanati ya Ilungamo. Hawakufa kwa kukosa dawa. Walikufa kwa kuipata.

Nilikuwa juu ya paa nabadilisha waya wa sola uliotafunwa na panya, nikasikia foleni imenyamaza. Foleni yetu hainyamazi. Watu hugombania nafasi, hutaniana, huuziana maandazi. Nikachungulia. Mzee Kihongole, fundi cherehani, alikuwa amekaa kwenye saruji, mkono wa kushoto ameuinua mbele ya uso kama mtu anayesoma saa. Kikuku chake cha dawa kilikuwa kinawaka taa ya kijani, maana yake dawa imeingia vizuri. Akasema, "Mbona baridi?" Akalala ubavu.

Nilidhani ni utani. Kihongole alikuwa mtu wa utani. Kisha mama wa tatu mbele yake akaanguka, na kijana wa posta, na mwalimu wa hesabu wa watoto wangu. Kikuku cha kila mmoja kilikuwa kijani.

Nilishuka ngazi vibaya nikachubuka goti. Nilipofika chini Sista Mbonea alikuwa ameshatoka nje anapiga kelele, "Toeni mikono! Mtu asiingize mkono!" Sista Mbonea, muuguzi wetu, ni Mpare, ameletwa huku miaka sita iliyopita, na sijawahi kumsikia akipaza sauti hata siku zahanati ilipoungua. Siku hiyo alipaza mpaka sauti ikakatika.

Mtambo wenyewe uko nyuma ya ukuta. Unaingiza mkono kwenye tundu mpaka kiwiko, kikuku chako kinajazwa, unahesabu hadi kumi, unatoa. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Kikuku hupitisha dawa kwenye ngozi kidogo kidogo, na huku kinaonja damu na kupeleka habari mtamboni. Sisi tunauita Mpishi. Homa ya kijivu inabadilika kila wiki, na dawa ya wiki iliyopita ni maji matupu, kwa hiyo hakuna dawa inayoletwa na gari. Mpishi anaonja damu za kata nzima, anaona homa imefika wapi, anapika chungu kimoja kwa ajili ya wote. Mtu asiyejazwa, homa ikimpata, wiki mbili au tatu kucha zake zinakuwa rangi ya majivu, kisha mapafu.

Asubuhi ile walikuwa wamejazwa watu hamsini na watatu. Kumi na tisa walikufa ndani ya nusu saa. Thelathini na nne walikwenda nyumbani kwa miguu yao. Hakuna aliyekuwa katikati.

*

Kikuku cha marehemu kinatakiwa kurudishwa mkoani ndani ya saa sita. Ndiyo sheria. Ni chuma, kimefungwa kwa ribiti, msumari wa kubana usiofunguka, na wa kukikata ni fundi. Fundi ni mimi. Anangisye Mwaipaja, niliyeishia darasa la tano, ninayetengeneza pampu, redio, majokofu, na vitu vingine ambavyo nitavieleza.

Waliwalaza kwenye chumba cha chanjo, juu ya vitenge vya watu. Nilianza na Kihongole. Nikashika koleo, nikageuza mkono wake nipate mahali pa kukatia, nikaona ribiti ya kiwandani, yenye nukta mbili. Nikakata. Nikaenda kwa mwalimu. Nukta mbili. Nikakata. Kijana wa posta, nukta mbili.

Nilipofika wa tisa niliweka koleo chini. Sikukata tena. Nilipita kwa wote kwanza, nikigeuza mkono mmoja mmoja. Kumi na tisa, zote nukta mbili. Hakuna hata ribiti moja yangu.

Nieleze sasa. Kata yetu ina watu elfu mbili na mia sita. Vikuku tulipewa mia tisa. Sensa iliyotumika ilihesabu wenye ajira ya kudumu na wenye hati ya nyumba, wengine wakaambiwa wasubiri awamu ya pili. Awamu ya pili imetajwa kwenye kampeni tatu za uchaguzi. Sisi tukafanya tulichofanya siku zote. Mwenye chumvi anampa jirani chumvi. Mwenye kikuku akampa jirani kikuku. Asubuhi anakwenda kujazwa huyu, jioni yule. Walioshirikiana kikuku waliitana wake wenza, hata wanaume, na walicheka sana.

Kikuku kikitoka mkononi kinakufa baada ya sekunde tisini. Mimi ndiye niliyegundua kwamba ukikizungushia kitambaa cha maji ya chumvi ya moto unapata dakika nne. Nilitoa ribiti ya kiwandani, nikaweka ribiti ya uongo, pini niliyoichonga kutoka kwenye waya wa gurudumu la baiskeli, inayofunguka kwa kucha. Nilivifungua vikuku mia tano sabini na nne kwa miaka mitatu. Sikumtoza mtu aliyeniambia hana. Karibu Ilungamo nzima ilijua, ila si kaka yangu Ambilikile, kwa sababu yeye ndiye mtendaji wa kata. Yeye ndiye serikali.

Sista Mbonea aliingia akanikuta nimekaa sakafuni katikati ya maiti.

"Fundi, mbona umekaa? Mkoani wanapiga simu kila dakika."

"Sista, waliokufa wote ni wa peke yao."

"Wa peke yao namna gani?"

"Hawagawani kikuku."

Nilidhani atashtuka. Alifunga mlango tu. "Nina macho, Fundi. Asubuhi naona mkono wenye chale, jioni kikuku kile kile kiko kwenye mkono wenye hina. Endelea."

"Waliopona ni wangu. Nimewajua kwa majina. Wote thelathini na nne."

Alisimama pale, midomo inacheza kama mtu anayepiga hesabu. Kisha akateleza na ukuta mpaka chini, akakaa karibu na mimi, miguu ameinyoosha.

"Mungu wangu," alisema. "Tumemfundisha uongo."

Akanieleza, na mimi naeleza kama nilivyoelewa. Mpishi hamjui mtu, anajua kikuku. Waliomtengeneza walidhani mtu aliyefungwa chuma kwa ribiti hawezi kukigawa. Hawakuwahi kuishi kwetu. Mpishi akiona kikuku kimejazwa mara mbili kwa siku lakini homa kwenye damu haishuki, hafikirii kwamba kuna watu wawili na kila mmoja amepata nusu. Anafikiri homa imekuwa sugu. Kwa hiyo anaongeza ukali wa dawa kidogo. Wiki ijayo kidogo tena. Vikuku vya namna hiyo vilikuwa zaidi ya nusu ya kata. Miaka mitatu Mpishi alikuwa anaongeza.

"Wanaogawana," Sista alisema, "sasa wanapata kipimo chao. Wa peke yao wanapata mara mbili. Na dawa inakaa mwilini siku tatu, inarundikana. Leo imefika ukingoni."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, ni mimi niliyenyamaza, na ni aliyeleta vikuku mia tisa kwa watu elfu mbili na mia sita. Lia baadaye. Wa peke yao waliobaki ni wangapi?"

Mia tatu na saba.

*

Sista alikuwa amesimamisha mtambo kwa kisingizio cha kuusafisha. Sheria inamruhusu kuruka zamu moja kwa mwezi. Zamu ya jioni, saa kumi na mbili, hakuna ruhusa. Kikuku kisichojazwa kinahesabiwa kuwa mwenyewe amekufa, kinazimwa moja kwa moja, na nafasi yake inapewa kata nyingine. Akizima mtambo, vinakufa vyote mia tisa. Mkoani aliwaambia dawa imezidi ukali. Walimjibu mtambo haujaripoti hitilafu, aendelee, na asizungumze na waandishi, uchaguzi ni baada ya wiki tatu.

"Kuna njia moja ya halali," alisema. "Unanipa namba za vikuku vyako mia tano sabini na nne. Nauambia mtambo usivisikilize. Unapika upya kwa kufuata wa peke yao tu, na jioni dawa inakuwa salama."

"Halafu?"

"Mtambo unapeleka namba hizo mkoani wenyewe. Siwezi kuuzuia. Vyote vinazimwa leo leo."

Watu elfu moja na mia moja na kitu. Mke wangu Tusekile alikuwa mmoja wao. Alikuwa anagawana na mdogo wake anayefagia ofisi za halmashauri. Miezi minane nyuma kucha zake zilikuwa zimeanza kugeuka, na sasa zilikuwa nyekundu kama za mtoto.

"Nipe majina ya hao mia tatu na saba," nikasema.

"Ya nini?"

"Tatizo ni kwamba nusu tunadanganya na nusu hawadanganyi. Tukidanganya wote sawasawa, Mpishi atakuwa anapika sahihi."

Nikamweleza. Kuna watu zaidi ya elfu moja Ilungamo ambao hawakuwa na kikuku chochote, hata cha kugawana, walikuwa wanangoja tu. Damu zao hazikuwa na dawa. Kila wa peke yake akipata mwenza mmoja kati ya hao, na mwenza ndiye ajazwe jioni ile, hakuna atakayekufa.

"Huo ni wazimu, Fundi."

"Ndiyo. Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na robo."

*

Peke yangu nisingeweza. Niliwaita mafundi wa pikipiki watano wa pale stendi, nikawaonyesha mara mbili: maji ya chumvi ya moto, kitambaa, koleo, pini. Tusekile na wanawake wa mtaa walichukua masufuria na majiko ya mkaa, wakakaa kwenye pembe za barabara kama siku ya msiba. Ilikuwa kweli siku ya msiba. Kwenye nyumba kumi na tisa watu walikuwa wanalia, na sisi tunapita katikati yao na masufuria.

Ugumu haukuwa ribiti. Ugumu ulikuwa kumwambia mtu mwaminifu kwamba uaminifu wake utamuua. Walikuwa wazee wa kanisa, mahakimu wastaafu, watu wanaoishi peke yao, watu waoga tu. Mama mmoja, Bibi Salome, alinipiga kofi.

"Kwa hiyo Kihongole mmemuua nyinyi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na unasema hivyo hivyo, bila haya?"

"Sina muda wa haya. Nipe mkono."

Akalia, akanipa mkono. Mwenza wake alikuwa msichana wa kuuza mbogamboga, kucha zimeshakuwa za majivu mpaka katikati. Kikuku kilipobana kwenye mkono wake na kuwaka, yule msichana alikaa chini akakishika kwa mkono wa pili kama anaogopa kitaruka. Bibi Salome akamwambia, "Usinililie hapa, mjinga wewe. Asubuhi unaniletea. Ukichelewa nakufuata."

Mpaka saa kumi tulikuwa tumefungua mia mbili na kumi. Ngozi ya vidole vyangu ilikuwa imebabuka kwa maji ya moto. Nikaenda kwa kaka.

*

Ambilikile alikuwa ofisini, mlango wazi, anaandika majina ya marehemu kwa kalamu ya wino. Mwandiko wake ni mzuri. Yeye ndiye aliyesoma. Alinizidi miaka sita, na baba alipokufa aliacha nusu ya mshahara wake mezani kwa mama kila mwezi mpaka mama akafa.

"Karibu, mdogo wangu. Kaa. Mikono imefanya nini?"

"Kaka, usijazwe leo."

"Nitakuwa wa kwanza. Watu wana hofu. Lazima waone kiongozi akiingiza mkono."

Nikamwambia yote. Sikupunguza. Ribiti, pini, vikuku mia tano sabini na nne, Mpishi, wanawake wenye masufuria barabarani. Alisikiliza bila kuweka kalamu chini.

"Hata Tusekile?" aliuliza.

"Hata Tusekile. Miezi minane."

"Mimi nilidhani amepona kwa maombi. Nimeshukuru kanisani, mbele za watu."

"Kaka, mkono wako. Dakika tatu tu. Nina koleo hapa."

Hakunyoosha mkono. Aliangalia ukutani, kwenye picha ya mkewe, Atupakisye. Shemeji alikufa mwaka juzi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya awamu ya pili. Ambilikile alikuwa na kikuku usiku na mchana akimlisha uji kwa kijiko, na hakukigawa, kwa sababu alikuwa ameapa.

"Miaka mitatu, unasema. Ulianza lini hasa?"

Nilijua anakokwenda. "Kaka..."

"Ulianza lini?"

"Mwaka mmoja kabla shemeji hajafa."

"Hukuniambia."

"Ungeniripoti."

"Ningekuripoti," alisema. Kalamu ikadondosha wino kwenye karatasi. "Kama ilikuwa rahisi hivyo, kitambaa na maji ya chumvi, basi mke wangu alikufa kwa nini?"

Nikalinyanyua koleo tu.

"Unataka leo nifungue mkono nigawane na mtu nisiyemjua," alisema. "Nilichomnyima yeye. Haiwezekani, Anangi. Sina mahali pa kukiweka kitu hicho kichwani mwangu. Nitajazwa kama ninavyojazwa siku zote. Nikitoka pale nitaandika ripoti mkoani. Majina yote unayoyafahamu, na lako la kwanza. Sikuchukii. Ni kazi yangu."

"Hutatoka pale. Utakufa."

"Hilo unalisema wewe na koleo lako. Mtambo haujasema."

"Kihongole amesema!"

Akanyanyuka, akavaa koti. Akanigusa begani, kama alivyokuwa ananigusa nilipofukuzwa shule. "Nenda kamalizie watu wako," alisema.

*

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano tulikuwa tumefungua mia mbili themanini na tisa. Walibaki kumi na wanane. Saba walikuwa mashambani mbali, hatukuwapata. Kumi na mmoja walikataa, na walikuwa pale mbele ya foleni, wameshikana, kaka yangu mbele yao.

Nyuma yao kata nzima. Watu ambao hawajawahi kusimama kwenye foleni ile maisha yao yote walikuwa wamevaa vikuku vya wenzao, mikono imefichwa kwenye khanga na makoti, wanaangalia chini. Sista Mbonea alikuwa mlangoni. Tulikuwa tumeambiana kwamba hatasema kitu, maana kamera ya mkoa ilikuwa juu ya mlango na ina masikio.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwa Ambilikile. Koleo lilikuwa mfukoni. Mafundi wa pikipiki wawili walikuwa ubavuni kwangu, vijana wenye nguvu, na mmoja alininong'oneza, "Fundi, tumkamate? Sema tu."

Nilipiga hesabu. Nawaambieni ukweli, nilipiga hesabu. Tukimkamata mbele ya kamera, mkoa unaona. Tukimkamata na asionekane, kesho anaandika ripoti, kwa sababu hajawahi kusema kitu asikifanye. Ripoti ikifika, vikuku vyote tulivyofungua vinazimwa, Tusekile anaanza kugeuka kucha, yule msichana wa mbogamboga anarudi kwenye majivu. Akiingiza mkono, hakuna ripoti.

Kijana alinong'ona tena. "Fundi?"

Sikujibu.

Kaka aliangalia nyuma. Alinitafuta, akanipata. Sijui alikuwa ananiuliza au ananiaga. Nimejaribu kuusoma uso ule kila siku tangu hapo. Akakunja mkono wa koti, mara mbili, vizuri, kama anavyofanya kila kitu. Akaingiza mkono. Akahesabu kwa sauti ili watu wasikie. Moja. Mbili. Mpaka kumi. Akautoa, taa ya kijani, akauinua juu watu waone.

Akapiga hatua kama ishirini kuelekea ofisini kwake.

Wale kumi walipomwona ameanguka, walikimbia foleni. Niliwafungua nyuma ya zahanati, mmoja baada ya mwingine, na wenza wao wakajazwa kabla mlango haujafungwa. Hakuna aliyenipiga kofi.

Siku ile Ilungamo ilipoteza watu ishirini. Asubuhi walikufa kumi na tisa, jioni mmoja. Vikuku saba vya waliokuwa mashambani vilizimwa, na wawili kati ya wenyewe walikufa kabla ya Krismasi. Vikuku vya marehemu ishirini vilirudishwa mkoani, na havikuletwa vingine. Vilivyobaki mia nane sabini na tatu vinagawanwa vyote, na Mpishi anapika sahihi. Ripoti ya kata kwa siku hiyo inasema vifo ishirini, sababu ni homa, na imesainiwa na kaimu mtendaji. Mke wangu yu hai. Nilikuwa na kaka mmoja. Palikuwa na hatua nne kati yetu.